Kuchekesha baa za Tanga: nani tunayemcheka?

Wadau, nimepotea kidogo. Wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama gazeti limenihamisha, na mmoja akauliza kama nimeoa. Hapana. Bado niko Tanga, bado bachela, na bado nalipwa kwa habari zinazotoka. Ukweli ni huu, na naomba usimfikie mama yangu mdogo wa Makorora: kwa miezi saba sasa, mchana nakimbizana na habari za mahakamani, za baraza la madiwani na za bandarini, halafu usiku wa Ijumaa na Jumamosi nasimama kwenye baa, maiki mkononi, nikijaribu kuwachekesha watu ambao hawakuja kunisikiliza. Mama mdogo anajua niko zamu ya usiku. Kwa namna fulani ni kweli.

Siandiki leo kwa sababu nimekuwa staa. Naandika kwa sababu kuna kitu nilikifanya nikiwa na maiki ile, kinanikera rohoni, na nadhani hakinihusu mimi peke yangu. Kinatuhusu wote tunaochekesha, na ninyi mnaocheka.

Nianze na wale wasioijua kazi yenyewe. Kuchekesha kwa kusimama, ambako vijana wa mjini wanakuita stendapu, ni kitu chepesi kukieleza: mtu mmoja, maiki moja, hakuna gitaa, hakuna wigi, hakuna mwenzako wa kukuokoa ukisahau. Umri wangu tumekulia kwenye Ze Comedy, katikati ya miaka ya 2000, tukiwaangalia kina Joti, Masanja, Mpoki na Wakuvanga kwenye runinga. Wale walikuwa kundi, na kosa la mmoja lilifichwa na mwenzake. Kusimama peke yako ni jambo jingine. Dar es Salaam wenzetu wako mbele: Coy Mzungu na Cheka Tu yake wameonyesha kwamba Mtanzania anaweza kununua tiketi, akakaa kwenye kiti, akamsikiliza mtu mmoja akiongea. Nairobi wako mbele zaidi, kwa sababu Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alianza mapema kuwasaili vijana wasiojulikana na kuwapandisha kwenye runinga.

Tanga tuko wanne. Ukituhesabu kwa huruma, watano.

Ukumbi hatuna. Tuna baa: za Chumbageni, za Ngamiani kwenye zile barabara zenye namba, za Majani Mapana, za njia ya kwenda Pongwe, na mara moja moja Muheza. Ramadhani ikiingia tunapumzika, maana baa nyingi zinapoa. Nafasi yako ni dakika kumi, bendi inapopumzika au kabla mechi ya Uingereza haijaanza. Nimewahi kuwa katikati ya kichekesho changu kizuri kuliko vyote, watu wameanza kunielekea, mara Arsenal wakapata penalti. Ulishawahi kushindana na penalti? Usijaribu.

Malipo ni soda mbili na sahani ya chipsi. Meneja akifurahi anaongeza mishikaki. Muheza nilikwenda kwa nauli yangu, nikarudi kwa nauli yangu, na nilipomuuliza meneja habari ya hela akanishangaa kweli kweli. "Dogo, huoni nakupa jukwaa?" Sawa. Lakini mpishi wake hapewi jukwaa. Dijei hapewi jukwaa. Wale wanapewa hela. Shikilieni hapo, nitairudia habari hii ya soda mbili, kwa sababu imo ndani ya kosa langu.

Usiku wangu wa kwanza nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Nilikuwa nimetazama video nyingi za Wamarekani na Wakenya, nimeandika kurasa sita. Nikaanza na vichekesho vya foleni. Foleni, Tanga! Mji ambao foleni yake ni baiskeli tatu na mkokoteni. Kimya. Nikahamia vichekesho vya ndege: mikanda, chakula kidogo, yule dada anayeonyesha milango. Mzee mmoja wa meza ya mbele akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwanangu, ndege umepanda lini?"

Baa nzima ilicheka. Kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote vya usiku ule, na si mimi niliyekisema. Sikupanda ndege mpaka leo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunza jambo moja kuhusu watu wa mji huu: hawakai wakatazama tu. Ukiwaambia kitu, wanakujibu.

Wenzangu niliowakuta kwenye kazi hii, wakongwe wa mwaka mmoja na nusu, wakanionea huruma wakanifundisha njia ya mkato. Ukiona kimya, wakasema, mgeukie baamedi. Kila baa anaye, kila mlevi anamjua, huhitaji kuandika chochote. Seme mwendo wake, seme wigi lake, seme ana wanaume wangapi. Watu watacheka kabla hujamaliza. Na kweli, wadau, inafanya kazi. Nimeifanya Ngamiani, nimeifanya Pongwe, nimeifanya Muheza. Kurasa zangu sita nilizitupa. Kwa nini uumize kichwa kwa soda mbili?

Basi usiku mmoja, baa siitaji, nilikuwa nazama. Mwezi ulikuwa tarehe za ishirini na kitu, watu hawana hela, hawana raha. Akapita mhudumu na sinia. Nikasema: "Huyu dada mnayemwona, mpe elfu kumi kwa bia moja. Chenji yako inasafiri. Inapita Korogwe, inapita Mombo, inageuza, ikifika Mabawa imekuwa tofali. Nyumba yake iko kwenye lenta kwa chenji zenu!"

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Wakapiga meza. Mwingine akapaza sauti, "Na mimi nimemchangia bati!" Yule dada akatabasamu, akaweka chupa mezani, akarudi kaunta. Nakumbuka vizuri alitabasamu, kwa sababu wiki tatu zilizofuata nilijitetea kwa tabasamu lile.

Kaunta usiku ule alikuwa amekaa mwenye baa mwenyewe.

Niliporudi baada ya wiki tatu, soda yangu ililetwa na msichana mwingine. Nikauliza yule dada yuko wapi. Nikaambiwa aliondolewa. Mwenye baa, baada ya kusikia "watu wanavyosema", alikaa siku mbili akihesabu kreti na chupa, akakuta upungufu. Baa gani haina upungufu? Chupa zinapasuka, walevi wanatoroka na bili, na mara nyingi mhudumu ndiye anayelipishwa. Akamkata kwenye mshahara, halafu akamwambia asirudi. "Watu wanavyosema" alikuwa ni mimi. Peke yangu. Na mimi sikuwa na ushahidi wowote, sikuwa hata na fununu. Nilihitaji kicheko tu.

Sasa nifikirieni mimi, mwandishi wa habari. Sentensi ile isingepita gazetini. Mhariri wangu angeisoma mara moja akaniuliza maswali mawili ambayo ananiuliza kila siku mpaka nayaota: umejuaje, na je, umeongea naye? Nikiandika kwamba diwani fulani amekula hela, lazima nimtafute diwani, nimpe nafasi ya kujibu, na asipopatikana niseme alitafutwa mara ngapi. Mchana naheshimu haki ya mtu kujibu. Usiku, kwa kuwa nina maiki na si kalamu, nilimwita binti wa watu mwizi mbele ya mwajiri wake, na sikumpa hata nusu dakika.

Nilimtafuta. Ilinichukua siku kadhaa, nikampata Mgandini, sokoni, anamsaidia dada yake kuuza nyanya. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akaniacha niimalize yote, huku akipanga mafungu. Halafu akasema, "Kaka, siku ile jibu nilikuwa nalo. Tena lingewachekesha kuliko lako. Lakini maiki ulikuwa nayo wewe, mimi nilikuwa na sinia."

Sikuwa na la kusema. Akaniuliza, "Kwani wao wanakulipa shilingi ngapi?"

"Soda mbili," nikamwambia.

Akacheka sana. Ndicho kichekesho changu pekee kilichowahi kumchekesha.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria neno tunalojitetea nalo sote: utani. "Ni utani tu, kaka." "Mbona unakasirikia utani?" Nawaomba tuliangalie neno hili, maana sisi si watu wa kufundishwa utani na video za Marekani. Nchi hii imekaa pamoja kwa utani. Mpare na Mchaga wanatupiana maneno ambayo akiyasema mtu mwingine watu wanaitana polisi. Hapa kwetu kuna Coastal Union na African Sports, na wazee wa pande hizo mbili wanaweza kutukanana kuanzia Mkwakwani mpaka forodhani, wakafika wakanunuliana kahawa. Na nani asiyeujua utani wa msibani? Mtani anafika watu wanalia, yeye anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anadai deni ambalo halipo, anakaa mlangoni anasema jeneza halipiti mpaka alipwe. Na wafiwa, wakiwa na machozi machoni, wanacheka.

Kwa nini hawamkasirikii? Kwa sababu utani una sheria, ingawa haijaandikwa popote. Mtani wako ni mtu ambaye na wewe unaweza kumfanyia. Leo anazuia jeneza kwako, kesho msiba ukiwa kwake utakwenda kukaa mlangoni hivyo hivyo, na hatakuwa na haki ya kununa. Tena mtani huyo huyo anayekuvuruga ndiye unayemkuta anashika jembe kaburini na anabeba maji jikoni. Utani ni kama mkopo: unachukua leo ukijua mwenzako ana haki ya kuja kudai. Ukimchukulia mtu ambaye hawezi kudai, huo si mkopo tena. Ni kumwibia. Nilimwita yule dada mwizi, na kumbe aliyeiba usiku ule ni mimi.

Tanga hasa ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtu angetakiwa kusahau jambo hili. Huu ni mji wa taarabu. Ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoimbwa pwani nzima. Na kwenye taarabu ya hapa watu hawakai na mikono mapajani. Kuna kutuza. Mwimbaji anaimba mstari wa kumsema mtu asiyetajwa. Mwanamke mmoja anainuka, anakwenda mbele polepole, ana noti mkononi, anamtuza mwimbaji huku jicho lake liko kwa mama fulani wa meza ya kule. Ukumbi wote unaelewa. Na yule mama wa meza ya kule hana haja ya kulia, anasubiri mstari wake, anainuka na noti yake, anajibu. Mtafiti Mmarekani, Kelly Askew, alikuja Tanga miaka ya 1990 akakaa na vikundi hivi, na katika kitabu chake cha mwaka 2002 ameeleza kwa kirefu jinsi kutuza kulivyo namna ya watu kusemezana na kugombana bila ya kutamka. Mama zetu walikuwa na haki ya kujibu ukumbini kabla mimi sijafundishwa haki hiyo darasani chuo kikuu.

Sasa linganisha na baa yangu. Yule mhudumu hawezi kuinuka, kwa sababu amesimama tangu saa kumi jioni. Hana noti ya kutuza, kwa sababu noti alizoshika ni za mwenye baa. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa, na waulizeni wenyewe wangapi waliiona hata hiyo. Anategemea mteja amwambie "chenji kaa nayo". Ukimsema, anatabasamu. Lile tabasamu ni sehemu ya kazi yake, kama sinia. Mimi nililihesabu kama ruhusa.

Wenzangu watasema, basi tumcheke nani? Swali zuri, na jibu lake lipo hapa hapa mkoani. Amri Athumani, Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948, na alipofariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018 alirudishwa Tanga kuzikwa. Wote tumemcheka. Lakini kaa ufikirie, tulikuwa tunamcheka nani hasa? Yeye mwenyewe. Yule mzee mbishi, mchoyo, anayejiona mjanja kuliko wote, anayefukuzia vibinti, halafu mwisho anaumbuka. Wengine kwenye filamu zake wanamshinda. Mfanyakazi wa ndani anamshinda, mke anamshinda, mtoto anamshinda. Alijigeuza yeye kuwa mtu wa kuchekwa, akampa kila mmoja nafasi ya kumjibu.

Au wachukue Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dokta John, vijana wa Tanga waliotamba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wale walikuwa wanarap, lakini nani alisikiliza bila kucheka? Waliwasema wauguzi wanaowafokea wagonjwa. Angalia walikosimama: upande wa aliyelala kitandani. Na wauguzi walikuwa na midomo ya kujibu. Hata mji wao wenyewe waliusema, na Tanga haikuwafukuza.

Hapa lazima niseme ukweli mwingine ambao haunipendezi. Kumcheka mdogo ni bure, kumcheka mkubwa kuna gharama. Wakenya watatu wa Redykyulass, yaani Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliigiza utawala wa Rais Moi yeye akiwa bado Ikulu, na Mong'are akiiga mpaka sauti yake. Kwa Kenya ya wakati ule lilikuwa jambo la kushika roho mkononi. (Kiarie baadaye, mwaka 2017, akachaguliwa kuwa mbunge, kwa hiyo sasa na yeye anachekwa. Mkopo umerudi!) Hapa kwetu, Mei 2020, Idris Sultan, yule mshindi wa Big Brother Africa wa mwaka 2014, alishikiliwa na polisi baada ya kutoka video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Hakusema neno baya. Alicheka tu. Mashtaka yaliyofika mahakamani yalihusu laini ya simu, lakini kila mchekeshaji nchini aliuelewa ujumbe.

Kwa hiyo sijifanyi shujaa. Katika miezi saba sijawahi kupanda kwenye baa nikamsema mkubwa yeyote kati ya wale ninaowaandika gazetini kila wiki, na vichekesho vyao ninavyo vingi, daftari zima. Namwogopa. Nikatafuta nani ambaye simwogopi, na nikamkuta anapita na sinia. Ukiniuliza kwa nini vichekesho vya baa vimejaa baamedi, hausigeli, mlemavu na mshamba wa kutoka milimani, jibu langu ni hilo. Hawana polisi.

Najua nitajibiwa. Mmoja wa wenzangu ameshanijibu tayari, tulipokaa Barabara ya 12 kula mihogo. Akasema, "Mgosi, umekuwa shehe? Baa ni baa. Asiyetaka kusemwa asifanye kazi baa. Na wale dada wana midomo kuliko sisi."

Nina majibu matatu. Kwanza, hakuna anayefanya kazi baa ili asemwe. Anafanya kazi baa ili alipwe, na kutukanwa hakumo kwenye mkataba, kama mkataba upo. Pili, ni kweli wana midomo kuliko sisi, na ndiyo maana inatupasa kujiuliza kwa nini kila siku maiki inabaki mkononi mwetu. Tatu, sikatai utani mkali. Mimi si shehe. Nataka kuchekwa na kucheka mpaka mbavu ziume. Ninachokataa ni kuita utani kitu ambacho kinakwenda upande mmoja tu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mara nyingi usaha haumtoki aliyeanzisha mzaha.

Na sasa nairudia ile soda. Ninyi wenye baa, ninyi mameneja, mnaosema mnatupa jukwaa: mchekeshaji asiyelipwa hana sababu ya kuandika. Kichekesho kizuri cha dakika moja kinanichukua wiki. Lazima nikijaribu, nikione kinakufa, nikirekebishe, nikijaribu tena. Nani atafanya hivyo kwa soda mbili? Atachukua kilicho karibu, na kilicho karibu ni mhudumu wako. Kwa hiyo unapokataa kumlipa mchekeshaji elfu kumi, anayelipa ni yule dada. Hili la malipo si dogo hata kwa wakubwa. Mzee Majuto alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, ndipo nchi ilipoanza kuuliza mikataba yake ya filamu na matangazo ilimwachia nini, mpaka Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Kama mchekeshaji aliyejulikana kuliko wote nchini alifika huko, sisi wa soda mbili tunategemea nini? Tuanze mapema. Hata kama ni hela kidogo, iwe hela, na isemwe kabla ya kupanda.

Kwa upande wangu nimejiwekea utaratibu. Dakika mbili za mwanzo najisema mwenyewe: mwandishi anayelipwa kwa habari, bachela anayemdanganya mama mdogo. Simsemi mtu anayefanya kazi pale usiku ule, isipokuwa anibishe mwenyewe. Simwiti mtu mwizi kama siwezi kuandika hivyo gazetini. Na kila nikipanda, kuna dakika ninaitoa maiki. Naiweka mezani kwa wasikilizaji, nasema anayetaka kunijibu anijibu.

Wiki mbili zilizopita, Chumbageni, aliyeichukua alikuwa mhudumu. Akaweka sinia juu ya meza ya watu, akashika maiki kama amezaliwa nayo. "Huyu kaka," akasema, "kila akija anaagiza soda ya bure, anakunywa nusu, nusu anaificha chini ya kiti anasema ya kesho. Mchekeshaji gani mwenye akiba kuliko benki?" Ilikuwa kweli, wadau. Ilikuwa kweli tupu! Nilikuwa sijui kama mtu ameniona. Walicheka vile ambavyo hawajawahi kunicheka mimi, na vijana wa kazi za bomba la mafuta la Chongoleani waliokaa nyuma wakamtuza pale pale, noti juu ya sinia, kama kwenye taarabu.

Msidhani nimemaliza deni. Nilikwenda kwa yule mwenye baa wa kwanza, nikamweleza kwamba niliyoyasema yalikuwa ya kutunga, kwamba sikuwahi kuona wala kusikia yule dada akichukua chenji ya mtu. Alinisikiliza vizuri. Akasema anaelewa, lakini ameshaajiri mwingine, na kwamba niendelee kuja, watu wananipenda. Sijaenda tena. Yule dada bado yuko Mgandini. Nikipita nanunua nyanya, na kila mara ananiuliza kwa sauti, dada yake na majirani wakisikia, kama nalipa kwa hela au kwa soda. Hilo ni deni lake, analidai kila anapotaka, na mimi nanyamaza.

Ijumaa nipo Chumbageni tena, saa tatu usiku, kabla ya mechi. Karibuni. Atakayekaa meza ya mbele aje na jibu lake. Na tafadhali, mama mdogo asijue.